Mafuta ya Mama Mbodze

Piano yetu ilikuwa na miezi mitatu tu pale kanisani Kikoneni ilipoanza kugoma. Vibao saba vilikuwa bubu kabisa. Ilikuwa mpya, ya bei nafuu, yenye waranti ya mwaka mzima. Nilipiga simu dukani Ukunda, na kwa ujinga wangu wa kusema kila kitu, nikataja kwamba siku piano ilipofika, Mama Mbodze aliipaka mafuta ya upako. Kwetu kila kipya hupakwa: pikipiki, cherehani, hata tangi la maji.

"Hapo ndio mliharibu," alisema Dishon, msimamizi wa duka. "Mafuta imeingia ndani. Waranti haisimamii hiyo."

Maneno hayo yalienea kanisani. Mama Mbodze, aliyetuombea sote tangu tukiwa wachanga, alinyooshewa vidole mpaka akaacha kuja ibadani. Nilipandwa na hasira, kwa sababu mimi mwalimu wa kwaya nilikuwapo siku ile. Alichora msalaba mmoja juu ya kifuniko, kwa kidole kimoja.

Karatasi ya waranti ilisema tukiifungua piano wenyewe, basi imekwisha. Vyema. Tuliipakia kwenye pikapu, tukaishusha mlangoni mwa duka, mbele ya wateja.

"Ifungue wewe," nilimwambia Dishon. "Mimi siigusi."

"Madam, hii ni mambo ya kiwanda."

"Kiwanda sikijui. Nilinunua kwako."

Fundi wake alitoa ubao wa mbele. Ndani kulikuwa kukavu, hata tone la mafuta hakuna. Nyundo saba ndogo, zile zinazogonga nyuzi, zilikuwa zimebanduka. Gundi ilikuwa imeachia. Fundi alimtazama bosi wake.

Dishon alinivuta kando, akanipa fomu. Wangeitengeneza kwa siku mbili, alisema, kama msaada kwa kanisa. Nitie sahihi tu. Niliisoma. Iliandikwa kwamba kosa ni la mteja aliyemwaga mafuta, na duka linasaidia kwa hisani. Yaani nirudi na piano nzima, na jina la Mama Mbodze niwe nimelichafua kwa mkono wangu mwenyewe.

"Sitii sahihi."

"Basi rudi nayo hivyo ilivyo."

"Hairudi. Itakaa hapa."

Nilivuta kiti cha plastiki, nikapiga wimbo wetu wa kwaya na mapengo yake yote. Mwanamume aliyekuwa akiulizia bei ya piano kama ile alikuja, akachungulia ndani, akataka kujua ina muda gani. Nilimwambia miezi mitatu. Akatoka bila kuaga. Wa pili naye akachungulia. Nikarudia wimbo kutoka mwanzo.

Kufikia adhuhuri Dishon alikuwa ameshika kalamu.

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Aliandika, akagonga mhuri: gundi ya kiwanda ilikuwa mbovu, duka litatengeneza, mafuta hayakuhusika.

Sikungoja piano. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Mbodze, nikamwambia shikamoo, nikamsomea karatasi ile yenye mhuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wao utawasomea?"

"Jumapili, Mama, kwa kipaza sauti. Wakikizima, nitasoma kwa koo langu."

Alijifunga leso upya, akaikaza.

"Basi nitakaa mbele."