ADN ya Mama Délice

Huko kijijini Runingu, nchini Kongo, ADN, yaani DNA, ina kazi moja tu duniani: kutaja baba wa mtoto. Ndiyo maana Jumatatu ile, Pélagie, mama yake Délice, aliporudi kutoka Uvira na kutamka, huku akivua viatu, kwamba matokeo ya chanjo yake ya ADN yatatoka Alhamisi, wifi yake Consolate aliacha kuchambua mchele. Neno "chanjo" lilipita sikio moja likatokea la pili. ADN ikabaki.

"ADN ya nani?" akauliza polepole.

"Yangu," Pélagie akajibu, akaenda kuoga.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Pélagie na mumewe Frédéric waliishi na VVU mwaka wa kumi na moja sasa, na vidonge vyao vilikaa rafuni karibu na chumvi, bila siri. Virusi hivyo vilikuwa vimetulia. Lakini virusi vingine, vya HPV, vilimwachia madoa kwenye mlango wa kizazi. Madoa hayo si kansa bado, ila njia ya kwendea huko yanaijua. Yalichomwa mara moja, yakarudi. Kisha kituo kimoja cha afya cha Uvira kikatafuta wanawake wa kujaribia chanjo mpya, chanjo ya kutibu, na Pélagie akatia sahihi.

"Maandishi ya ADN yaliyo kwenye sindano ni kama picha ya mwizi," infirmière Uwimana, muuguzi wa kituo, alimweleza. "Mwili wako utaichapa na kuibandika kila mahali, ili askari wako wamtambue." Akamwonya pia kwamba wengine wangepewa maji matupu, na hakuna aliyejua nani amepata nini.

Baada ya kila sindano, kimashine kidogo kilimpiga umeme mkononi ili chanjo ipenye. Mara tatu Pélagie aliruka. Mara tatu Frédéric, aliyeketi kando, aliruka juu zaidi. Kwa kuwa kwao Runingu umeme haukuwa umefika, mkono wa Pélagie ukawa kiungo cha kwanza cha ukoo kuunganishiwa.

Sasa walikuwa wamemkata kipande cha nyama pale penye madoa, kidogo kuliko punje ya mpunga, ili wakichunguze. Madoa yakiwa bado yapo, angepelekwa Bukavu kwenye kisu cha upasuaji. Tangu Jumatatu chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Jumatano mchana ukoo ulikutana uani, kwa viti vilivyoazimwa kanisani. Yaya Onesphore, kaka mkubwa wa Frédéric, mkatekista, alifungua kwa sala ndefu iliyotaja masikio mara tatu.

"Weye Pélagie," Consolate akaanza, "sisi hatushitaki muntu. Ila mutoto Délice, masikio yake iko madogo. Na masikio ya huku kwetu inajulikana."

Ilikuwa kweli. Masikio ya ukoo ule yalisimama kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi.

Pélagie alifungua mdomo aeleze. Frédéric akamkanyaga mguu. Alipomgeukia, mumewe alikuwa amefumba macho, uso umemkunjamana kwa kuzuia kicheko. Ndipo Pélagie alipotambua kwamba tangu sala ianze hakuwa amekiwaza kisu hata mara moja. Akaamua kufaidi.

"Mashine ile haidanganyi," akasema kwa huzuni kuu. "Ikishika mmoja, inataja ukoo mzima."

Yaya Onesphore akasimama, kofia mkononi.

"Mbele mashine iseme, nitasema miye mwenyewe. Kule Lubarika niko na mutoto. Ni Ushindi jina lake, iko na miaka makumi tatu. Nilimuzaa mbele ya ndoa."

"Yaya!" Consolate akapiga yowe, akakumbatia kiti cha kanisa.

Alhamisi ujumbe mzima wa ukoo ulipanda pikipiki hadi Uvira. Uwimana aliwaacha nje, akaingia na Pélagie na Frédéric peke yao. Akasoma karatasi. Pélagie akamwomba aisome tena.

"Madoa hayapo, Mama Délice."

"Ni chanjo?"

"Sijui. Labda ulipewa maji, mwili ukajitetea wenyewe. Siku utafiti ukiisha tutajua. Utarudi baada ya miezi sita tukuangalie tena. Lakini leo hayapo."

Pélagie akamshika Frédéric masikio yote mawili, kama mtu anayeinua sufuria, akacheka huku akilia.

"ADN imesema nini?" Consolate akawadaka mlangoni.

"Imesema madoa yameondoka!"

"Na baba?"

"Baba huyu hapa. Hakuna aliyemtafuta! Masikio ya Délice ni yangu." Kisha akawaeleza yote, tangu picha ya mwizi hadi ule umeme.

Onesphore alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe nilitubu bure?"

"Si bure, Yaya," Consolate akasema, akitazama vidole vyake vya miguu. "Ushindi nilimupigia simu jana."

Waliporudi Runingu walimkuta kijana uani, ameketi kwenye kiti cha kanisa, jogoo kwapani. Jua lilikuwa nyuma yake, likipenya masikio yake mawili mapana hadi yakawaka mekundu.

Hakuna aliyeomba ADN. Pélagie akapokea jogoo, akauliza maji ya moto ya kumnyonyolea yako wapi, maana njaa ya siku nne ilikuwa imemrudia yote kwa mkupuo.