Ford ya Maharusi

Ukitaka kumwona Waziri Alfani akipandisha mori, mwambie kwamba Ford ni gari kama magari mengine. Hapo utamkoma. Ataacha chai yake mezani, atakuvuta mkono mpaka uani, na utasimama juani ukisimuliwa ukoo mzima wa Ford kana kwamba ni ukoo wa baba yake.

Ukoo wa baba yake nao aliujua. Kina Alfani walikuwa Waislamu wa Kisangani wa tangu siku za misafara ya pembe, kabla Mbelgiji hajaupa mji jina la kizungu na kabla serikali ya chama kimoja haijalifuta. Babu aliuza nguo, baba alishona nguo, Waziri akashika usukani. Kwa miaka mingi alimwendesha Mgiriki mmoja, mnunuzi wa kahawa. Siku serikali iliponyang'anya wageni maduka ili kuwapa wananchi, Mgiriki alifunga sanduku moja tu, akapelekwa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, na pale pale mlangoni akamkabidhi dereva wake ufunguo na karatasi za gari. Wakubwa wa chama walipata maduka, na maduka yakafa. Waziri alipata Ford Customline ya mwaka hamsini na nne, nyeupe juu, buluu chini, injini ya silinda nane, na Ford ikaishi.

Ikawa gari la maharusi. Mtaa wa Tshopo wote, Mkristo kwa Mwislamu, binti akiolewa bila kupanda Ford ya Waziri, watu waliuliza ana kasoro gani. Waziri aliipiga maji, akaipangusa, akafunga kitambaa cheupe mbele, kisha akaendesha polepole mno huku akimhutubia bibi harusi, ambaye maskini hakuwa na pa kukimbilia.

"Huyu Ford alikuwa mtoto wa mukulima," alianza kila mara. "Gari lake la kwanza alilitengeneza ndani ya kibanda nyuma ya nyumba. Kumaliza, anakuta haipite mulangoni! Unajua alifanya nini? Alichukua shoka, akavunja ukuta. Donc, basi, ukiona gari hii, ujue ilianza kwa kuvunja ukuta."

Lakini kulikuwa na sharti, na sharti hilo akina mama wa mtaa ndio waliolishika kwa nguvu kuliko hata mwenye gari. Gari la maharusi halibebi maiti, wala halibebi damu. Likishaingia damu, mama gani atamkalisha binti yake juu ya kiti kile? Basi hapo kazi yake imekwisha, wakabebe nalo mihogo.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Lambert, mtu wa Kasongo, aliyepanda kutoka Maniema akiwa kijana. Jina la Lambert serikali ilikuwa imelifuta kwenye karatasi, ikataka majina ya mababu tu, lakini mtaani nani angemwita vingine? Lambert alikuwa na lori la Chevrolet, kuukuu kweli kweli, analipeleka njia ya Bafwasende na kurudi na ndizi na mchele. Alimwita Waziri "mukubwa", yaani kaka yake, na kila jioni walikaa barazani kubishana.

"Ford wako alikuwa kichwa ngumu," Lambert angesema. "Aling'ang'ania gari moja karibu miaka makumi mawili, tena kwa muda murefu rangi nyeusi tu. Watu wakachoka. Wakahamia Chevrolet. Mimi niliambiwa na fundi, mekanisien Mubelgiji."

"Mubelgiji wako alikuwa mulevi! Nani aliongeza mishahara ya wafanyakazi wake mara mbili, si Ford? Nani alifanya mutu wa chini apande gari?"

"Mimi ni mutu wa chini, na napanda Chevrolet. Gari ni ya kubeba, mukubwa. Yako inabeba mashela tu."

Micheline, mke wa Lambert, angecheka upande wa pili wa ukuta mpaka asikike barabarani. "Ninyi wawili, hao wazungu wenu wa Amerika wanawajua?"

Huyu Micheline alipendwa. Yeye ndiye aliyemsuka nywele Safi, binti pekee wa Waziri, tangu Safi hajaota meno ya pili. Safi alipochumbiwa na Jafari, mwalimu wa shule, Micheline alikuwa na mimba kubwa, lakini ndiye aliyekuwa mbele katika kila shughuli, mkono kiunoni, akiwatuma wenzake. Na Safi aliahidiwa kitu kimoja tangu utotoni: siku yake, atapanda Ford. Waziri alikuwa amewapeleka mabinti wa watu wote. Kumpeleka wa kwake ndiyo ndoto aliyokuwa amebaki nayo duniani.

Mwaka ule essence, ndivyo tunavyoiita petroli kwetu, ilipotea mjini. Iliyofika kwa meli waliichukua wakubwa. Lori la Lambert lilikuwa limezama kwenye tope njia ya Bafwasende, ekseli imevunjika, na mwenyewe alirudi nyumbani kwa kupakiwa kwenye gari la watu wengine. Waziri naye alitafuta kimyakimya, bido kwa bido, yaani dumu kwa dumu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka tangi la Ford likajaa pomoni. Hakumwambia mtu isipokuwa Asha mkewe. Aliogopa wakubwa wa chama wakisikia watakuja kuliazima gari kwa sherehe zao, na gari likiazimwa na watu wale, kurudi ni bahati.

Ijumaa moja kabla ya harusi, Waziri alikuwa ametoka msikitini. Asha alikuwa amemaliza kuvika viti vya Ford kitambaa kipya, cheupe pe. Waziri amesimama mlango wa gari uko wazi, anakitazama tu, moyo mweupe nao, ndipo Lambert akaingia uani mbio, shati halina vifungo.

"Mukubwa! Micheline anatoka damu. Mingi. Mutoto anakataa kutoka, mama muzalishaji anasema hospitali, sasa hivi. Leta Ford!"

Jamani, mtu hajijui. Waziri alimpenda Lambert, hilo msibishe. Lakini macho yake yalikwenda kwenye kile kitambaa cheupe. Akaiona damu juu yake. Akawaona akina mama wa mtaa wakinong'ona siku ya harusi, akamwona Safi amekataliwa kiti, anakwenda kwa mumewe kwa miguu kama mtu asiye na baba. Mdomo ukasema kabla yeye hajauruhusu.

"Essence hakuna, ndugu yangu."

"Hata kidogo?"

"Hata tone." Na kwa kuwa aliona uso wa Lambert unavunjika, akaongeza, ole wake, akaongeza: "Lakini ngoja. Kaa na bibi yako, usiende popote. Mimi nakimbia kukutafutia. Nitakuja nayo."

"Mungu akubariki, mukubwa. Ninakungoja."

Waziri alichukua bido tupu, akatoka. Alikimbia kweli, mpaka kona. Baada ya kona akatembea. Alizunguka nyuma ya soko, akaingia banda la fundi cherehani mmoja, akakaa kwenye benchi, bido katikati ya miguu. Hakumwuliza mtu yeyote essence. Alijiambia kwamba Micheline si mgeni wa kuzaa, watoto wake wote walitoka salama, hii nayo itapita. Alijiambia kwamba akirudi atakuta kichanga kinalia, na yeye atacheka, na siri itabaki yake na Mungu. Fundi alimkaribisha chai. Akanywa.

Aliporudi, jua limeshainama. Lambert alikuwa bado amesimama barabarani, anatazama upande aliokwenda Waziri, na alipoiona bido inavyoning'inia nyepesi alishika kichwa. Ndipo wakatafuta pousse-pousse, ule mkokoteni wa kusukuma wa soko, wakamlaza Micheline juu ya magunia, wanaume wanasukuma, Lambert ameshika kichwa cha mkewe. Waziri alisukuma pia. Alisukuma kuliko wote, akilia kwa sauti, na watu walimhurumia.

Micheline alikufa kabla hawajaliona geti la hospitali. Mtoto alikwenda naye.

Matanga yalikaa uani kwa Lambert. Waziri alitaka kujificha nyuma, Lambert akamwita mbele, akamkalisha ubavuni pake, akawaambia waliokuja kulia: "Mumuone huyu. Siku ile alikimbia muji muzima kunitafutia essence. Huyu si jirani, huyu ni ndugu." Watu wakamshukuru Waziri, mmoja mmoja, kwa kumpa mkono. Mikono yote ile aliishika. Asha alikuwa upande wa wanawake, na hakuinua uso.

Usiku ule nyumbani Asha alisema neno moja tu: "Tangi."

"Nyamaza, Asha. Nilifanya kwa ajili ya mutoto wako."

"Usimutie Safi ndani ya hiyo."

Tangu hapo alimwekea chakula bila kumwambia karibu. Waziri alikula kidogo kidogo, halafu akaacha. Alitaka harusi iahirishwe, lakini Lambert mwenyewe alikataa katakata. Alisema Micheline hangekubali siku ya Safi iharibike kwa sababu yake. Kisha Lambert akatoweka mtaani, watu wakadhani ameenda kulia peke yake.

Siku ya harusi ikafika. Wanawake wamejaa nyumbani, Safi amevishwa, amesukwa na mikono mingine. Ford imesimama uani na kitambaa chake mbele. Waziri alikuwa amepanga kusema kwamba alfajiri rafiki mmoja amemletea essence, na uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, unamngoja tu mwulizaji.

Aliyeingia ni Lambert. Vumbi la barabara limemfunika mpaka nyusi, midomo imechubuka, na bido mkononi inamvuta bega chini.

"Nimetoka kule njia ya Bafwasende," alisema. "Nimenyonya tangi la Chevrolet kwa mpira, yote iliyobaki. Lori halitembei, essence itafanya nini kule? Hii ni ya Safi."

"Lambert..."

"Micheline ndiye alisema, mukubwa. Kule juu ya pousse-pousse. Aliniambia, usimukasirikie Waziri, essence ni shida ya kila mutu. Akasema, ukiipata mahali, Safi asikose Ford yake. Alisema hivyo, halafu hakusema tena."

Waziri alinyoosha mkono kumzuia. Lambert alikuwa ameshazunguka nyuma ya gari. Alijua vizuri mdomo wa tangi uko wapi, umejificha nyuma ya pleti ya namba. Akailaza pleti, akafungua kifuniko, akainama, akamimina.

Ikarudi. Ikatapika papo hapo, ikamwagika juu ya bampa, ikamlowesha miguu. Lambert akasimamisha bido, akadhani ni hewa. Akangoja, akamimina tena taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Ikarudi tena. Harufu ikajaa ua wote, wanawake wakaacha kuimba.

Lambert akaiweka bido chini. Akarudisha kifuniko, akakikaza vizuri.

"Iko mujaa," alisema. "Tangu lini?"

Uongo ulikuwapo, tayari kabisa. Alfajiri, rafiki, bahati. Waziri akamtazama yule mtu, miguu inavyomchuruzika essence aliyoinyonya kwa kinywa chake, na akashindwa.

"Tangu mbele," alisema. "Siku ile ilikuwa mujaa. Niliogopea viti. Lambert, niliogopea viti."

Angepiga kelele, ingekuwa afadhali. Angemrukia, Waziri angemshukuru. Lambert alikaa chini pale pale penye unyevu, akawa anasema polepole, kwa mshangao wa mtoto:

"Ungeniambia hapana. Ningekasirika, lakini ningeenda. Pousse-pousse zilikuwa pale sokoni tangu saa ile, mukubwa. Mimi nilikuwa nakungoja. Yeye alisema twende, mimi nikamuambia hapana, vumilia, Waziri anakuja."

Waziri alipiga magoti. Alimshika miguu ile iliyolowa, akalia hadharani, mbele ya wakwe na wageni, akisema nisamehe, nisamehe ndugu yangu. Lambert hakumsukuma wala hakumgusa. Alikuwa akiutazama mlango wa nyumba.

Safi alikuwa amesimama pale, na amesikia yote. Aliteremka ngazi, shela mkononi, akapita kando ya Ford, mlango wake wazi na viti vyake vyeupe. Akamwinua Lambert kwa mkono. "Papa Lambert," alimwambia, "wewe ndiwe utanipeleka."

Wakatoka uani kwa miguu, yeye na Lambert mbele, Asha na wanawake wote nyuma, bila ngoma wala vigelegele. Waziri alibaki amepiga magoti nyuma ya gari akingoja mtu amwite. Hakuna aliyemwita.