Keki za Mdogo Wangu

Juzi nilikula. Sitaki kuzungusha maneno. Nilikula chipsi, nikala kuku, nikamalizia na keki nikiwa nimesimama, kama mtu anayefukuzwa. Leo asubuhi mizani ya kliniki ikaniumbua.

Muuguzi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba daktari hapangi siku ya upasuaji mpaka nipungue, maana kwa mwili huu kutoa figo ni kujiweka hatarini. Figo yenyewe ni ya mdogo wangu. Zake zote mbili zimechoka, mashine ndiyo inayomsafishia damu, na wa kumpa nimebaki mimi peke yangu.

Basi nikarudi karakanani na kisirani changu. Mimi ni fundi wa makochi. Natengeneza pa watu kukaa, na leo mwenyewe sikaliki. Nikipigilia msumari, nainuka. Nikikata sponji, naenda mlangoni, narudi, nasahau nilipoweka mkasi. Kumbe nimeushika.

Mchana mdogo wangu akaja, anatembea kwa kupumzika, mkononi ana mfuko wa keki.

“Usijitese, dada,” akasema. “Kuteleza si kuanguka.”

“Mimi sikuteleza. Nilipiga mbizi.”

Akacheka. Akaziweka keki juu ya cherehani, akafungua karatasi taratibu, harufu ikaja moja kwa moja puani kwangu. Mate yakanijaa mdomoni. Mkono ulishaanza kwenda nilipoona midomo yake ilivyokauka.

Huyu anakunywa maji kwa kikombe kidogo, ya kupimiwa. Chumvi haonji. Tangu aambiwe, hajakosea hata siku moja. Sasa mtu wa namna hiyo anasahauje masharti ya dada yake? Na kuku wa juzi aliletwa na nani? Yeye. Soseji za wiki iliyopita? Yeye.

“Wewe hutaki nipungue,” nikasema.

“Sijakuelewa.”

“Umenielewa vizuri sana.”

Akakaa kwenye kochi ambalo sijalivika kitambaa, akaangalia sakafu. “Mama aliingia chumba cha upasuaji akatuambia tupike, anarudi,” akasema. “Tangu siku hiyo umenilea wewe. Nikikukosa na wewe, hiyo figo nitaishi nayo na nani?”

Hasira ilinipanda hadi utosini. Chini yake kulikuwa na woga, tena wangu mwenyewe, ule niliokuwa naushindilia chipsi juzi usije ukasema. Kumbe tulikuwa na njama moja, kila mtu kivyake.

“Na mimi naogopa,” nikamwambia. “Naogopa mpaka usingizi sipati. Lakini nikibaki na figo zangu mbili nikakuzika wewe, nitamgombeza nani?”

Nikazifunga keki, nikampelekea kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hana ugomvi na mizani ya mtu. Nikavaa raba. Nikamtolea mdogo wangu kiti, nikakiweka mlangoni penye kivuli.

“Kaa hapo. Nazunguka mtaa. Ukiona nategea, niambie.”

Nikaondoka. Nikapita duka la dawa, nikapita kwa mziba pancha, nikatokea upande wa pili. Mdogo wangu kimya. Nikazunguka tena, magoti yananilalamikia, kijasho kinaingia machoni. Kimya vilevile. Kinyozi akatoka anajifuta mdomo, akanishukuru kwa keki, akasema ni tamu kweli. Nikamlaani kimoyomoyo.

Mzunguko uliofuata nilikuta mdogo wangu anajifuta machozi kwa mkono wa shati.

“Dada, inatosha. Njoo ukae.”

“Bado,” nikasema, nikampita.

Nilikuwa nimeshafika kwa kinyozi nilipomsikia nyuma yangu.

“Basi ongeza mwendo.”