Siku Kengele Alipogoma Kunyamaza

Haya yote ni kweli tupu, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nimeapa mbele ya kikombe changu cha chai, nacho hakikunipinga.

Kengele alikuwa mwigizaji wa michezo ya nyimbo. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa ajili ya sauti yake, ingawa kwa miaka kumi na minne hakuna mtazamaji aliyepata kuisikia peke yake. Alikuwa mtu wa kundi. Amewahi kuwa msindikizaji wa tatu wa bibi harusi, mfungwa wa sita, muuza samaki asiyeuza kitu. Mwaka mmoja alikuwa nusu ya mbele ya farasi, na watu wakatoka wakisema farasi yule alikuwa na huzuni ya kweli.

Halafu akapewa wimbo wake. Wa mama anayemwita mwanawe aliyevuka mto, na mwisho wake ni neno moja tu la kuvutwa: "Rudi." Kengele aliufanyia mazoezi akifua, akipanda ngazi, akisubiri zamu ya bafuni, mpaka wapangaji wenzake wakawa wanaamkiana kwa "Rudi."

Maonyesho matatu yakapita. Watazamaji walipiga makofi ya adabu, kama ya kumpongeza mtoto wa jirani. Jumamosi, nusu saa kabla ya onyesho la alasiri, mwongozaji wa mchezo aliingia chumba cha mavazi, penseli sikioni.

"Dada, mchezo umekuwa mrefu. Wimbo wako naukata."

"Unaukata lini?"

"Leo uimbe. Watu wasipoinuka vitini, kesho unarudi kwenye kundi."

Shangazi yake Kengele, ambaye ndiye mshonaji wa mavazi, alikuwa amepiga magoti akimkaza kiuno, pini tatu mdomoni. Akazitema.

"Nimemshonea gauni la mita saba huyu! Kwenye kundi atakaa wapi nalo?"

"Shangazi, mimi siingilii cherehani yako. Niachie jukwaa langu." Kisha huruma ikamwingia kidogo, akamgeukia Kengele. "Ile 'Rudi' ya mwisho, mtazame Bwana Kijiti. Akishusha mkono, ndipo unakata. Si kabla."

Bwana Kijiti alikuwa kiongozi wa bendi, mwembamba kama jina lake, mtu wa kutii amri mpaka mwisho. Mwongozaji akampitia na yeye: "Leo mwachie dada wa watu nafasi yake. Usishushe mkono mpaka anyamaze." Kisha akaenda kunywa maji, akasahau alichomwambia nani.

Basi Kengele akatoka, gauni likimfuata kama abiria. Woga alikuwa nao, lakini sauti ilikaa sawa. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika kwenye neno la mwisho.

"Rudiii..."

Mkono wa Kijiti ukapaa, ukabaki huko huko.

Kengele akamkodolea macho: shusha! Kijiti naye akamkodolea: nyamaza! Kila mmoja akadhani mwenzake ameamua kufa shujaa. Kengele akaiba pumzi puani, akaendelea.

Dakika ya tatu, mpiga tarumbeta akapumzisha midomo. Dakika ya tano, mama mmoja wa safu ya nne alitoka kwenda kung'olewa jino, akarudi na shavu limevimba, akaikuta "i" ileile. Mume na mke waliokuja wamenuniana wakapatana, wakakosana upya, wakapatana tena. Bwana mmoja aliyeingia amenyoa akajishika kidevu, akakuta ndevu.

Hapo ndipo Kengele alipoona jambo. Hakuna aliyesinzia! Walikuwa wameinamia mbele wote, vinywa wazi. Woga ukamtoka, furaha ikampanda toka kwenye nyayo. Miaka kumi na minne ya kuwa nusu farasi ilikuwa inatokea kooni mwake. Mkono na ukae huko huko!

Dakika ya kumi na mbili, mpiga ngoma alikuwa amepiga magoti, amekishikilia kiwiko cha Kijiti kisianguke. Ndipo fundi taa, mwanamume mwerevu sana, mtanashati pia, alipotambua kwamba watu wawili watakufa kwa utii. Akazima taa zote. Gizani mkono hauonekani, Kengele akakata.

Kisha ukumbi ukalipuka! Taa ziliporudi, watu wote walikuwa wima, na mwongozaji yuko juu ya kiti, anapiga makofi huku machozi yanamtiririka.

"Haukatwi! Nani kasema unakatwa?"

"Wewe," akajibu shangazi mtu.

Toka siku hiyo Kengele hakurudi tena kwenye kundi. Miaka ishirini na miwili alikuwa wa mbele, na gauni lake...

"Mwerevu nani?"

Kengele, mke wangu kwa miaka thelathini sasa, amesimama nyuma ya kiti changu, miwani puani. Kumbe amesoma yote.

"Fundi taa," nikasema.

"Fundi taa ulikuwa umelala! Kiwiko kikateleza juu ya swichi. Si uliniambia mwenyewe uliponiposa? Na hizo dakika kumi na mbili umezitoa wapi?"

"Zilikuwa ngapi, mama watoto?"

"Sekunde arobaini. Kwa pumzi yangu mwenyewe, na ukumbi wote ukasimama. Zinanitosha, usizitie maji. Haya, inuka ulipe."

"Nilipe nini?"

"Imba. Nakuhesabia."

Nimesimama katikati ya sebule, nimejaza kifua, nimeivuta hiyo "Rudi." Nimefika sekunde tisa. Jirani amegonga ukuta kuuliza ni nani aliyeumia.