Mayai ya Matroni

Bwana Mizani alipostaafu, balaa lote lilihamia jikoni kwa mkewe.

Jina hilo alipewa na watu wa mtaani, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alikuwa akiingia dukani, anaweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya muuza sukari, na muuza sukari anaanza kutokwa jasho. Sasa hakuwa na duka la kuingia, basi akaingia jikoni. Chumvi aliipima kwa kijiko, kisha anakisawazisha kwa mgongo wa kisu. Kitunguu kikubwa alikirudisha sokoni kubadilishiwa. Mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimwita Mwalimu kama walivyomwita wanafunzi wake, alifundisha hesabu sekondari na akirudi nyumbani hakutaka kusikia namba hata moja. Alivumilia mpaka siku aliyokuta saa ya ukutani imehamishwa kutoka sebuleni na kutundikwa juu ya jiko.

"Mzee," akamwambia, "maharage hayaendi kazini. Yataiva yakiiva."

Wakiwa katika hali hiyo, mama mkwe akaja kukaa nao.

Mama mkwe alikuwa matroni wa hospitali kwa miaka mingi. Inasemekana madaktari vijana walikuwa wakimwona mwisho wa korido wanageuza njia. Bwana Mizani naye, tangu siku ya posa, hakuwahi kuzungumza naye jambo refu. Ni shikamoo Mama, marahaba mkwe, habari za safari, nzuri, basi. Kila mtu anapita upande wake. Miaka inakwenda hivyo hivyo, na hakuna aliyeona kasoro.

Safari hii Matroni alikuja kwa ajili ya meno. Daktari wa meno alimng'oa yote yaliyobakia, akamwambia asubiri fizi zipone ndipo atengenezewe ya bandia. Basi yule mwanamke aliyezoea kuamrisha wodi nzima akawa anafunika mdomo kwa upande wa kanga kila akisema neno, na chakula chake anakilia chumbani, mlango umefungwa. Na chakula chenyewe kilikuwa uji. Uji asubuhi, uji mchana, supu ya kuchujwa jioni. Bakuli lilikuwa likirudi nusu.

"Mama anakonda," alisema Mwalimu siku moja, akiwa ameshika bakuli hilo. Aligeuka akafuta macho, na Bwana Mizani, ambaye mkewe hakuwa mtu wa kulia ovyo, akajisikia kama aliyekabidhiwa kazi.

Ikasadifu kwamba binti yao aliyeolewa ng'ambo alikuwa amemtumia baba yake zawadi ya kustaafu. Kilikuwa kifaa cha umeme, kirefu na kinene, cheusi, kina kichwa chenye namba zinazowaka. Unakitumbukiza kwenye maji, unakibana ukingoni mwa chombo, unachagua joto unalotaka, nacho kinayapasha maji na kuyazungusha yasizidi wala kupungua. Mwalimu alikitazama akakiita mchi. Jina likakishika.

"Baba, humo unaweza kupika mayai laini kuliko kitu chochote," binti alimwambia kwenye simu. "Digrii sitini na tatu, saa nzima, na ganda lake. Ukilipasua, yai linatoka zima, kama limepikwa bila ganda."

"Sitini na tatu?" Bwana Mizani aliuliza, akahisi moyo unamruka kama kijana aliyeitikiwa salamu. "Si sitini na nne?"

"Sitini na tatu, Baba."

Asubuhi ya kwanza mambo yalikwenda vibaya. Alifunga mchi kwenye sufuria jikoni, akauchomeka palipochomekwa friji, na Mwalimu naye chumbani akawasha pasi. Nyumba nzima ikazimika. Mwalimu alikwenda kazini na blauzi iliyonyooka mkono mmoja. Umeme uliporudishwa mayai yalikwisha kupoa, lakini Bwana Mizani kwa haraka yake akalipasua moja, akaliweka kwenye sahani na kumpelekea mama mkwe.

Matroni aliinama, akalichungulia. Utelezi mtupu, na kiini katikati, kimekodoa.

"Mkwe," akasema nyuma ya kanga, "yai hili linanitazama."

Akarudisha sahani, akafunga mlango wake taratibu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Bwana Mizani aliwahi kumfuata muuza nyama mmoja kwa mwaka mzima mpaka akampata na sumaku chini ya mizani, kwa hiyo kukata tamaa hakukujua. Aliizunguka nyumba akitafuta soketi isiyoingiliana na friji wala pasi, akaipata koridoni, nje ya mlango wa bafu, ilipokuwa ikichomekwa mashine ya kufulia kabla haijafa. Waya wa mchi ulikuwa mfupi, lakini ulitosha kupita chini ya mlango hadi kwenye sakafu ya bafu. Akachukua ndoo mpya ya plastiki, akaiosha, akaijaza maji, akafunga mchi, akatumbukiza mayai manne. Juu akafunika taulo safi, joto lisipotee. Namba zikapanda, zikafika sitini na tatu, zikatulia. Alisimama pale akizitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala.

Ilikuwa Jumamosi, Mwalimu amekwenda sokoni. Saa ilipokaribia kutimia, Bwana Mizani akatoka kwenda kununua mkate laini dukani, hapo hapo kona. Mwenye duka, ambaye bado alimwogopa kwa mazoea, alimchelewesha kwa kumsalimia mno.

Aliporudi na mkate wake kwapani, alikuta mlango wa bafu umefungwa kwa ndani. Maji yanamwagika. Na mtu anaimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno.

Nyumbani mlikuwa na mtu mmoja tu.

Na mchi ulikuwa bado na umeme. Aliutupa mkate, akauvamia waya ukutani, akaung'oa kwa nguvu zake zote mpaka akaanguka chali koridoni. Kishindo kikasikika bafuni. Kuimba kukakoma.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nani?"

"Mkwe wako."

Sauti iliyofuata ni ile ambayo zamani ilikuwa ikiwaliza wauguzi.

"Unafanya nini mlangoni nami naoga?"

Mtu hasogelei hata kivuli cha mkwewe, seuze mlango wa bafu lake. Lakini ilibidi ajue kama mama wa watu yuko salama, na kwa kuwa hakuthubutu kupaza sauti majirani wasije wakasikia, alilala kifudifudi, akapeleka mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango.

"Mama, samahani sana. Maji hayo ni ya moto. Hujaungua?"

"Niungue mimi? Nimeosha watoto wachanga maisha yangu yote. Nimechota kwa kopo, nimechanganya na ya baridi kwenye beseni, nimepima kwa kiwiko." Sauti ikalainika kidogo. "Nilikuta yamefunikwa taulo vizuri, na chuma cha kupashia kando. Nikasema, mkwe wangu amenitengea maji ya kuoga. Nikashukuru. Sasa unakuja kunidai?"

"Sikudai, Mama. Ni kwamba, ndani ya maji mna mayai."

"Mna nini?"

"Mayai, Mama. Ya kuku."

Kisha kitu kikagonga ukingo wa beseni, taratibu, mara mbili.

"Kumbe!" akasema Matroni. "Nimeacha miwani chumbani. Hili si nimelichota pamoja na maji, nikajua ni sabuni yenu ya kisasa. Nimejisugua nalo mgongo mpaka nimechoka, halitoi povu."

Katika dakika hiyo mlango wa mbele ukafunguliwa, na Mwalimu akaingia na vikapu viwili. Alichokiona ni mume wake amelala sakafuni, kitako juu, mdomo chini ya mlango wa bafu, mkate umekanyagwa pembeni, naye anasihi kwa sauti ya kunong'ona: "Basi usilisugue tena, Mama, litapasuka."

Vikapu vikashuka chini vyenyewe.

"Mzee," akasema Mwalimu. "Nieleze. Na anza mwanzo."

"Mama yako ana mayai yangu."

"Nimesema anza mwanzo!"

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani, "hebu muondoe huyo mumeo hapo, mimi nasikia baridi. Halafu shika haya."

Mwalimu akamvuta mumewe kwa ukosi wa shati mpaka jikoni, akarudi. Mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono uliolowa, umeshika kopo. Ndani mlikuwa na mayai manne, mazima, moja likinukia sabuni kwa mbali.

Bwana Mizani aliyapokea huku ameangalia ukuta. Aibu ilikuwa imemkaba hata hakuweza kuvua viatu. Alikuwa amekwisha kukata kauli: mayai yatupwe, mchi urudi kwenye boksi lake, na yeye atakwenda kumtembelea kaka yake mbali sana, mpaka fizi zipone.

"Usitupe," ikasema sauti nyuma yake.

Matroni alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kanga mbili, miwani machoni, nywele zinachuruzika. Hakufunika mdomo. Labda alisahau.

"Yai lina ganda," akasema. "Lililooga ni ganda. Chemsha maji kidogo, tulione hilo jambo lililokulaza chini."

Basi akapika. Aliosha kila yai, akapasua la kwanza juu ya kijiko kipana. Yai likaanguka zima, limejiviringa, jeupe na laini kama limefungwa ndani ya kitambaa chembamba. Akaliteremsha kwenye maji yaliyoanza kuchemka, likajikaza kidogo nje, akaliopoa. Tone la siagi, chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu kustaafu, chumvi hakuipima. Aliitia kwa vidole tu, kwa kuwa kijiko hakukiona kilipo.

Aliweka sahani mezani akarudi nyuma.

Matroni akavuta kiti, akakaa hapo hapo jikoni. Akaligusa yai kwa ncha ya kijiko. Likafunguka, na kiini kikatoka polepole, kizito kama asali. Akatia mdomoni. Mashavu yakatembea mara moja, mara mbili, yakasimama, hapakuwa na cha kutafuna. Akameza. Akatia kingine. Mume na mke walisimama wameshikana mikono bila kujua kama wameshikana.

Sahani ikaisha. Matroni akaisukuma mbele.

"Lingine."

"Lipi, Mama?" Bwana Mizani akauliza, kwa maana moja bado lilikuwa limetengwa pembeni.

"Lile nililooga nalo. Tumeshazoeana."

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akakohoa, akageukia dirisha, lakini mabega yakamsaliti, na kicheko kikamtoka mpaka akashika meza. Matroni akamtazama binti yake, akamtazama mkwewe mwenye vumbi la koridoni tumboni, naye akacheka. Alicheka kinywa wazi, fizi zote nje, machozi yanamtoka nyuma ya miwani, anapiga meza kwa kiganja. "Usilisugue, Mama! Litapasuka!" alisema kwa sauti ya mkwewe, na Bwana Mizani, aliyekuwa akitafuta pa kujificha, akajikuta naye hana mbavu.

Siku hiyo Mwalimu alitoa amri mbili. Kwanza, mchi usionekane tena karibu na bafu. Pili, fundi umeme aitwe. Fundi alikuja, akatenganisha nyaya za jikoni, akaonjeshwa yai, akasema yeye hawezi kula kitu kinachotikisika. Matroni alimwambia hana adabu, akalila yeye.

Asubuhi zikawa za watu wawili. Mwalimu akiondoka kwenda kazini, anawaacha mkwe na mkwe wamekaa mbele ya sufuria kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Matroni alitaka kujua kwa nini sitini na tatu. Wakajaribu sitini na tano, wakaliona yai kavu, na sitini na moja, ambalo Matroni alisema lingefaa kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Katika kusubiri, mazungumzo yakaja yenyewe. Alimsimulia habari za wodi, naye akamsimulia habari za wauza nyama. Ikatokea kwamba wote wawili waliwahi kuogopwa sana, na kwamba hakuna aliyewauliza kama walikuwa wanapenda.

Meno ya bandia yalipokuwa tayari, Matroni aliyavaa, akajitazama kwenye kioo, akasema amekuwa kama mtu wa kwenye tangazo. Siku ya kuondoka alifunga mizigo yake, akaja sebuleni.

"Mkwe, ule mchi naenda nao."

Bwana Mizani akaenda jikoni akauleta, ameuviringisha ndani ya taulo.

Wiki moja ikapita. Jioni moja, wakila, simu ya Bwana Mizani ikalia. Alitazama jina, akasimama wima.

"Ni Mama," akasema, akaipokea na kuiweka kwenye spika.

Mwalimu akafuta vidole, akanyoosha mkono, akasema apewe. Kila mama yake alipopiga simu, kwa simu yoyote ile, alikuwa akimtaka yeye.

"Mwambie asubiri," ikasikika sauti ya Matroni, kali na yenye meno. "Nina jambo na mkwe. Mkwe, unanisikia? Kuku. Kuku mzima. Digrii ngapi?"

Bwana Mizani akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Inategemea, Mama," akasema. "Ana kilo ngapi?"

Mwalimu akaushusha mkono wake, akajisogezea bakuli la mboga, akaendelea kula peke yake.