Mabehewa ya Damu ya Mzee

Shemeji yangu, ambaye karakana nzima ilimwita Nati, alifukuzwa reli mwaka ule wa mgomo na kuambiwa asikanyage stesheni tena maisha yake. Mgomo niliuitisha mimi, na sijuti, wajute waliofukuza. Tangu hapo Nati akisafiri anapanda basi, hata kwenda mahali ambako basi halifiki.

Ila alitengeneza treni. Ndogo, ya bati la makopo ya mafuta ya kupikia, juu ya meza ya kulia ya dada yangu, ndiyo maana nyumba ile tunakula sahani mapajani. Mabehewa ya mizigo yenye milango inayoteleza, na nyuma kabisa behewa la breki lenye kingazi chake. Shirika la Reli lilipotangaza kwamba kwa jubilei litaweka treni ya mfano kwenye kabati la kioo, ukumbi wa abiria wa stesheni, Nati alisema neno moja tu: "Mimi siingii, sawa. Mabehewa haya yataingia."

Akaletwa Afisa Urithi, kijana nadhifu, viatu vinalia. Akaizunguka meza, akasifia, kisha akauliza rangi, maana mabehewa yalikuwa bati tupu.

"Damu ya mzee," Nati akajibu. "Yote. Tangu naanza kazi mpaka mliponitoa mbio."

"Si mimi, mzee wangu, nilikuwa sijazaliwa." Akafungua mkoba, akapanga makopo matatu ya rangi. "Haya nimeyanunua maduka matatu. Yote yameandikwa damu ya mzee. Angalieni."

La kwanza lilikuwa ini bichi. La pili tofali. La tatu zambarau lililoiva likasahauliwa.

"Sasa unaona tatizo," akasema. "Maonyesho yanataka usahihi. Inabidi turudi kwenye chanzo."

"Chanzo kipi?"

"Damu. Ya mzee."

Nilidhani anatania. Nati hakuuliza, alinyoosha kidole. "Mama watoto, lete sindano."

"Hapana, hapana," Afisa akamzuia. "Kwa kanuni za Shirika, mzee ni mtumishi aliyefika umri wa kustaafu akiwa kazini. Wewe ulifukuzwa kabla. Kwetu sisi hujazeeka."

"Nina wajukuu!"

"Hongera."

Dada akaweka mkono kiunoni. "Mbona sasa hivi umemwita mzee wangu?"

"Ile ni heshima, mama. Si kipimo."

Mgomo mzima, wote tuliofukuzwa, kumbe bado ni vijana! Nikamuuliza huyo mzee wao ni nani basi. Akashusha sauti kama yuko chumba cha mgonjwa. "Mzee yuko mmoja tu. Ghorofa ya tatu."

Alikuwa anamsema Mkurugenzi. Jengo zima halimwiti vingine: Mzee kasema, Mzee hajaingia, Mzee anapumzika. Ni rika la kitindamimba wa dada yangu. Baba yake Mkurugenzi ndiye aliyetuletea askari wa virungu siku ya mgomo; gari lao nalikumbuka, na mlango uliokuwa na mbonyeo naukumbuka.

"Kamwombeni tone moja," Afisa akasema. "Bila hilo kabati litabaki tupu, na hiyo treni itabaki hapa mezani."

Nimeshaliomba Shirika mengi: glavu, ovaroli, choo chenye mlango. Sijawahi kuombeshwa na Shirika lenyewe. Asubuhi yake tulikuwa kwenye geti la stesheni, chini ya ofisi za Shirika, wote ambao hatujazeeka, wengine na mikongojo yao. Nati kabeba treni kwenye sinia, kasimama nje ya mstari wa geti aliokatazwa kuuvuka. Dada yuko mbele na sindano yake ya kushonea, kaichemsha kwa heshima zote.

Nikaanzisha: "Tunataka nini?"

"Damu ya mzee!"

"Mzee gani?"

"Mzee wa ghorofani!"

Mlinzi akakimbilia kufuli. Afisa akatoka mbio anapunga mikono. "Tulieni! Ni suala la rangi tu, la kitaalamu!"

"Wanataka damu, bosi," mlinzi akasema.

"Ndiyo, damu, lakini tone moja!"

"Kumbe uko nao?" Mlinzi akamsukuma nje, akafunga geti.

Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka kidogo. Likatokea paji la uso, na macho. "Mnataka nini?"

Nati akanyanyua sinia. "Shikamoo, Mzee. Tone tu, la kulinganisha rangi ya mabehewa."

"Marahaba," Mkurugenzi akajibu kwa mazoea, na mimi nikauma meno. Kisha akaiona sindano ya dada inavyometa juani. Akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo rangi ni sahihi! Iko sawasawa kabisa! Yaingizwe yalivyo!"

"Lakini Mzee," Afisa akapaza sauti, "hayajapakwa—"

"Nimesema ni sahihi!"

Dirisha likafungwa. Neno la Mzee likishatoka halirudi. Treni ikaingia kabatini bati tupu, behewa moja bado lina picha ya alizeti ya kopo la mafuta ubavuni, na chini yake kibao: Mabehewa ya mizigo, rangi halisi ya damu ya mzee. Abiria wakimuuliza mlinzi mbona hayana rangi, anajibu kwa utiifu, "Ndiyo damu yake hiyo."

Siku ilipowekwa nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikasema kesho nitaleta mtaa mzima uje uone. Nati hakucheka. Alibaki getini, anamsubiri dada aliyekwenda kuchungulia.

"Yamependeza?" akamuuliza.

"Yamependeza. Ila lile lenye kingazi wameliweka mbele, karibu na injini."

"Behewa la breki? Mbele?"

"Mbele."

"Wana wazimu hawa!" Akauvuka mstari bila hata kuutazama.

"We mzee, wewe umekatazwa humu!" mlinzi akapiga kelele, anamfuata.

"Nikamate, lakini fungua kabati kwanza. Treni inashuka mlima huku breki iko mbele, inamsimamisha nani?"

Mlinzi akaitazama treni, akajikuna kisogo, akasema ufunguo uko ofisini, aende kuufuata. Nati akasema sawa. Akaketi kwenye benchi la abiria, kama mtu mwenye tiketi.