Pete za Taa

Mfuniko wa birika ulikuwa ukigongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Kaka yangu alikuwa ananichemshia chai, kama afanyavyo kila akija kulala kwangu. Alikuwa amezirudisha pete zinazozunguka taa za gari la kale aliloniachia marehemu mume wangu. Alizichukua akazing'arishe kwenye gereji yake.

"Tazama, dada. Unaweza hata kujitia wanja hapo."

Ziling'aa kweli. Lakini marehemu alinifundisha kwamba pete zile ni za shaba iliyopakwa kromu, na sumaku haishiki shaba. Nikachukua sumaku yangu ya kuokotea pini za cherehani, nikaisogeza. Ikanasa.

"Kaka, hiki ni chuma."

"Labda sumaku yako imezeeka vibaya," alitania, ila mwenyewe hakucheka.

"Na pale palipobonyea, marehemu alipogonga lango, pako wapi?"

Akainamia kikombe chake. "Zako nimezifunga kwenye gari la mteja. Alizisaka mno zile za asili. Nilijua wewe hutagundua."

Hapo ndipo paliponichoma. "Ungeniomba, ningekupa."

Aliosha vikombe vyote viwili, akavifuta, akaniwekea changu mahali ninapopafikia bila kunyoosha mkono. Nilimtazama na moyo ukaniuma zaidi.

Nilimsindikiza hadi mlangoni.

"Uje tena kuniona, kaka," nikamwambia. "Lakini gari usiliguse."